Geji Haisukumwi kwa Kidole: Nafsi, Hisia na Watu Wanaotuzunguka

Mabibi na mabwana, walimu, wazazi na wanafunzi mliofika,

Kuna mchezo wa kompyuta ambao haufurahishi hata kidogo, na saikolojia ya jamii imejifunza mengi kutokana nao. Unakaa mbele ya kompyuta. Unaambiwa kuna wachezaji wengine 2, kila mmoja yuko mahali pake, na kazi yenu ni kurushiana mpira. Ukiupata, unabofya unayetaka kumrushia. Hakuna pointi wala mshindi. Unapewa mpira mara moja, labda mara mbili, kisha wale wawili wanaanza kurushiana wenyewe kwa wenyewe, nawe unabaki mtazamaji mpaka mirusho 30 hivi iishe. Ni dakika chache tu, halafu unaletewa dodoso.

Mchezo huo unaitwa Cyberball, na aliyeubuni ni Kipling Williams pamoja na wenzake. Wale wachezaji wawili hawapo. Ni programu tu. Katika utafiti wake wa mwaka 2000 uliofanyika kupitia intaneti, wenye washiriki 1,486 kutoka nchi 62, kadiri mtu alivyonyimwa zamu ndivyo alivyozidi kuumia. Dodoso hupima mambo 4: kujiona ni mmoja wa kundi, kujithamini, kuona una usemi juu ya yanayokupata, na kuona kuwepo kwako kuna maana. Yote 4 hushuka.

Watafiti wakajaribu kuyazima maumivu hayo. Mwaka 2004 washiriki waliambiwa wazi kwamba wanacheza na kompyuta, hakuna mtu upande wa pili. Waliumia vilevile. Mwaka 2006 mchezo ukapangwa hivi kwamba kila anayepata mpira anapoteza pesa, yaani kutengwa ni faida. Waliumia. Mwaka 2007 wakaambiwa kwamba wanaowatenga ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi la Marekani ambalo washiriki wenyewe walilichukia. Hata hapo waliumia. Williams anaeleza kwamba pigo la kwanza la kutengwa halichagui: mwenye haya na jasiri, mpweke na mwenye marafiki tele, wote hulihisi karibu sawa. Tofauti huonekana baadaye, katika muda ambao kila mmoja huchukua kupona.

Sasa, kwa nini jinsi mtu anavyojiona, kitu tunachodhani kimejichimbia ndani kabisa, kiyumbishwe na mpira wa kwenye kompyuta?

William James aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini ni mafanikio yako ukiyagawa kwa matarajio yako. Charles Cooley, mwaka 1902, akasema tunajitazama kupitia macho ya wengine, au tuseme kupitia tunavyodhani wanatuona. Jibu ninaloliona lina nguvu zaidi lilitolewa mwaka 1995 na Mark Leary na wenzake. Kwao, kujithamini ni chombo cha kupimia, kama geji ya mafuta kwenye gari, na kinachopimwa ni kadiri tunavyokubalika kwa watu ambao kukubalika kwao kuna uzito kwetu. Mshale ukishuka unauma, na maumivu hayo ni taarifa. Hakuna dereva anayefungua kioo cha geji ili ausukume mshale kwa kidole. Anatafuta mafuta.

Hata hivyo, kuusukuma mshale kwa kidole ndiko kulikofanywa kwa miaka mingi, tena kwa fedha za umma. Mwaka 1986 jimbo la California liliunda jopo la kukuza kujithamini, likisukumwa na mbunge John Vasconcellos. Imani ilikuwa kwamba ukimpandisha mtu kujithamini, shule, ulevi, uhalifu na utegemezi vitajirekebisha vyenyewe. Ripoti ilitoka mwaka 1990 na wazo likaenea madarasani. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta picha nyingine. Kujithamini na alama za darasani vinaandamana kidogo, na kwa kiasi kikubwa ni alama nzuri zinazotangulia. Kujithamini sana hakumzuii kijana kuvuta sigara wala kunywa pombe. Faida mbili zilisimama: wanaojithamini wana furaha zaidi, na huthubutu kuanza jambo na kuliendeleza baada ya kushindwa. Si haba, lakini hizo si ahadi walizopewa walipakodi.

Utafiti mmoja wa mwaka 2007 unastahili kuangaliwa kwa makini. Donelson Forsyth na wenzake waliwachukua wanafunzi wa chuo waliofanya vibaya kwenye mtihani wa kwanza, wakawa wanawatumia barua pepe kila wiki. Wote walipata swali la marudio. Kundi moja liliongezewa ujumbe wa kuwatia moyo wajione ni watu wa thamani. Wanafunzi dhaifu wa kundi hilo walishuka zaidi kwenye mtihani wa mwisho. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba alama mbaya ilikuwa ishara inayouma, na maumivu yale ndiyo yangewasukuma kusoma. Ishara ikazimwa, chanzo kikabaki palepale.

Kwa wale wanaotaka kupima kujithamini shuleni au kazini, niseme machache ya kiufundi, maana hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi huharibikia. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965. Kina sentensi 10, kila moja na majibu 4, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Sentensi 5 zimeandikwa kwa kujisifu na 5 kwa kujishusha. Hizi za kujishusha lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha: aliyepata 4 ahesabiwe 1, aliyepata 3 ahesabiwe 2, na kinyume chake. Ukisahau kugeuza, nusu mbili zinafutana na kila mtu anaangukia katikati. Dalili yake ni kwamba sentensi zako zinapingana zenyewe kwa zenyewe kwenye jedwali la uwiano, lile linaloonyesha majibu yapi yanapanda na kushuka pamoja. Kosa la pili ni kutafsiri bila kujaribu kwanza. David Schmitt na Jüri Allik walipokusanya majibu ya watu 16,998 katika mataifa 53, mwaka 2005, sentensi ya 8, ile ya kutamani kujiheshimu zaidi, ilisumbua sehemu nyingi. Haishangazi: mtu anaweza kutamani kujiheshimu zaidi kwa sababu anajidharau, au kwa sababu ni mtu wa kujiendeleza. Kosa la tatu ni kupima mara moja na kutoa hukumu. Geji hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mara nyingi mtikisiko huo husema mengi kuliko wastani wake.

Tena geji yenyewe husoma chini kuliko hali halisi. Thomas Gilovich na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, vazi ambalo kijana wa chuo angeona haya kuonekana nalo, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Wavaaji walikisia kwamba takribani nusu ya waliokuwemo wangemtambua aliye kwenye fulana. Waliomtambua kweli walikuwa takribani robo. Erica Boothby na wenzake, mwaka 2018, waliwakutanisha watu wasiojuana wakazungumza dakika 5. Kila upande ulidhani haukupendwa kiasi ulichopendwa hasa. Kwa wanafunzi waliopangwa chumba kimoja, pengo hilo lilidumu kwa miezi. Sababu inaeleweka. Wewe unazisikia hitilafu zako zote, neno ulilotafuta ukalikosa, mzaha uliododa, na mwenzako anasikia mazungumzo tu. Pia adabu huficha ishara: watu hawamwambii mgeni "nimekupenda", wanaaga na kuondoka. Kwa hiyo mtu anayesubiri ishara wazi ndipo asogee karibu na wenzake anasubiri kitu ambacho kwa kawaida hakitolewi.

Mshale unaposhuka, hisia hupanda, na hapa tabia hugawanyika njia mbili. Waliotengwa wakipewa nafasi ya kupata marafiki wapya, wengi huwa wachangamfu na wakarimu kwa wageni. Jon Maner na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2007. Mlango ukifungwa, mambo hugeuka. Wayne Warburton na wenzake, mwaka 2006, waliwatenga watu kwenye mchezo, kisha wakawasikilizisha kelele za kukera. Baadhi waliweza kuamua kelele ianze lini, baadhi hawakuwa na uamuzi wowote. Baadaye wote waliombwa kumpimia mtu mwingine pilipili ya kula, wakijua haipendi. Waliotengwa na kunyimwa uamuzi walipima zaidi ya mara 4 ya kiasi kilichopimwa na makundi mengine. Kutengwa peke yake hakukuzaa ukatili ule; ulizaliwa na kutengwa kulikoandamana na kukosa usemi. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kumtenga, au meneja anayemwondoa mtu kwenye vikao, anaweza kulitumia jambo hili moja kwa moja: akibana upande mmoja, aache uamuzi fulani mkononi mwa yule mtu, na amwambie lini na kwa masharti gani atarudi.

Kuna pia tofauti kati ya aibu na majuto ambayo June Tangney ameichunguza kwa miongo kadhaa. Mwenye majuto anasema "nimefanya jambo baya", mwenye aibu anasema "mimi ni mbaya". Majuto humpeleka mtu kwa aliyemkosea, kuomba radhi na kurekebisha. Aibu humfanya ajifiche, na ikimzidi humgeuza mkali, atafute wa kulaumu. Anayemkemea mtoto au mfanyakazi basi ataje kitendo, ataje kimemuumiza nani, kisha ataje njia ya kulipa. Hapo aishie. Neno moja kama "siku zote wewe ndivyo ulivyo" linaibeba kesi nzima kutoka kwenye majuto na kuitupa kwenye aibu. Na kama kosa halina namna ya kulipwa, tafuteni pamoja kitu cha karibu, kwa sababu majuto yasiyo na pa kwenda hugeuka aibu vilevile.

Nije sasa kwenye kudhibiti hisia. James Gross alitoa mwaka 1998 mfumo ambao hadi leo unatumika, wenye vituo 5 ambapo hisia inaweza kushikwa. Chukueni mtu anayejua kwamba mkuu wake wa kazi atamkosoa mbele ya wenzake. Anaweza kuchagua kutohudhuria kikao. Anaweza kuibadili hali: aombe mazungumzo yafanyike faragha, kabla. Akiwa ndani, anaweza kuelekeza macho na mawazo kwenye karatasi ya takwimu badala ya uso wa mkuu. Anaweza kubadili maana: "anachokosoa ni ripoti, na ripoti inarekebishika." La mwisho, hisia ikiwa imeshalipuka, anaweza kuificha.

Wengi wetu tumelelewa kwenye kituo hicho cha mwisho. Tunaambiwa jikaze kisabuni. Mwaka 1993 Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza, baadhi wakiagizwa wasioneshe lolote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini kinyaa hakikupungua, na mwili ulionyesha dalili zaidi za msukumo. Baadaye ikaonekana pia kwamba anayeficha hisia hukumbuka kidogo kilichosemwa wakati ule, maana akili yake ilikuwa kazini ikilinda uso. Cha kutisha zaidi kwangu ni utafiti wa Emily Butler na wenzake wa mwaka 2003. Wanawake wasiojuana walitazama filamu ya kuhuzunisha, kisha wakazungumza wawili wawili. Mmoja alipoagizwa kwa siri afiche hisia zake, shinikizo la damu la mwenzake, asiyejua lolote, lilipanda. Niongeze haraka kwamba mwaka 2007 Butler huyohuyo alikuta gharama hii ya kijamii inapungua kwa watu waliolelewa katika maadili ya Kiasia, ambako kuficha ni namna ya kumlinda mwenzako. Kinachoumiza ni kujikaza ambako mwenzako anakusoma kama ukuta.

Je, basi tutoe yote ya moyoni? Brad Bushman alilipima hilo mwaka 2002 kwa watu 600. Waliandika insha, wakaletewa uhakiki wa kuudhi. Kundi moja likapiga gunia la mazoezi ya ngumi likimfikiria aliyewaudhi, la pili likapiga likifikiria afya ya mwili, la tatu likakaa kimya dakika 2. Waliopiga wakimfikiria adui walibaki na hasira kuliko wote na wakawa wakali kuliko wote. Waliokaa bila kufanya kitu walikuwa wapole zaidi. Mwaka 2024 Sophie Kjærvik na Bushman walijumlisha tafiti 154 zenye watu 10,189. Yanayoushusha mwili, kama kupumua polepole, kulegeza misuli na kutafakari, hupunguza hasira. Yanayoupandisha mwili kwa jumla hayasaidii, na kukimbia mbio kulielekea kuizidisha. Kimbieni kwa ajili ya moyo na mapafu, si kwa ajili ya ugomvi wa asubuhi.

Kinachobaki ni kuwahi. Kubadili maana kunafanya kazi vizuri, ila kuna mahali panapokataa. Kwanza, hisia ikishakuwa kali, akili haina nafasi ya kutafsiri upya. Kazi za Gal Sheppes zinaonyesha kwamba hapo kuelekeza mawazo kwingine ndiko kunakoshika, na tafsiri ingoje hadi baadaye. Pili, tatizo likiwa linarekebishika, kubadili maana kunaweza kudhuru. Allison Troy na wenzake, mwaka 2013, walikuta kwamba waliokuwa hodari wa kutafsiri upya walikuwa na sonona kidogo pale mkazo ulipokuwa nje ya uwezo wao, lakini zaidi pale ulipokuwa ndani ya uwezo wao. Aliyejifunza kuona wema katika mshahara usiolipwa hataenda kuudai. Swali la kwanza, kabla ya mbinu yoyote, liwe hili: je, hapa kuna cha kubadilisha?

Kama hakipo, njia rahisi ni kusogea nyuma kidogo. Ethan Kross na wenzake, mwaka 2014, waliwaandaa watu kutoa hotuba ya ghafla, baadhi wakijisemesha kwa "mimi", baadhi kwa majina yao wenyewe. Waliojiita kwa jina walihutubia vizuri zaidi na hawakujisonga sana baadaye kwa mawazo. Jiulize basi, ukitaja jina lako, "kwa nini fulani amekasirika hivi?" na ujibu kama unavyomjibu rafiki. Usijilazimishe kuacha kuwaza. Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba aliyekatazwa kumfikiria dubu mweupe humwona kila kona.

Kwa hisia zinazojirudia mahali palepale, tumieni mpango wa "kama hivi, basi vile" wa Peter Gollwitzer. Yeye na Paschal Sheeran walijumlisha vipimo 94 mwaka 2006, na matokeo yalikuwa ya kati hadi makubwa, jambo ambalo ni nadra katika fani yetu. Mpango una sehemu 2. Sehemu ya kwanza ni ishara unayoweza kuiona au kuisikia: "kama nikisikia sauti yangu inapanda". Sehemu ya pili ni tendo moja: "basi nitavuta pumzi 3 kabla ya kujibu". Huharibika ishara ikiwa pana mno, kama "nikiwa na msongo", kwa sababu hakuna dakika ambayo utajua imefika. Huharibika tendo likiwa la kukataza, "basi sitafoka", maana unalishikilia akilini lile lile unalolikimbia. Na huharibika ukirundika mipango mingi kwa jambo moja. Andika mmoja, usome kwa sauti, uone mahali penyewe akilini mara chache.

Kuandika nako kunasaidia, ila faida yake ni ndogo kuliko sifa zake. James Pennebaker na Sandra Beall, mwaka 1986, waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku 4 mfululizo juu ya jambo zito, mambo yaliyotokea na hisia zake pamoja. Joanne Frattaroli alipojumlisha tafiti 146 mwaka 2006, wastani wa faida ulikuwepo lakini mdogo. Jihadharini na saa ya kwanza: wengi hujisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, kwa hiyo usiandike ukiwa unaelekea kazini au kitandani.

Mtaniuliza tuamini lipi, na mna haki. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa; za awali 97 kati ya kila 100 zilidai matokeo, marudio yakayapata kwa 36. Mtasikia bado kwamba nguvu ya kujizuia huisha kama betri, kwa sababu mwaka 1998 waliolazimishwa kula figili badala ya biskuti waliacha fumbo baada ya dakika 8 hivi, wenzao waliokula biskuti wakakaa karibu 19. Maabara 23 zenye watu 2,141 zililirudia wazo hilo kwa jaribio jingine mwaka 2016 na hazikuona kitu. Hata ile picha maarufu ya ubongo wa mtu aliyetengwa kwenye Cyberball, ya mwaka 2003, ilitoka kwa watu 13. Kabla ya kunukuu, ulizeni walikuwa wangapi, walitangaza mpango wao kabla ya kukusanya data au la, na nani mwingine amerudia.

Yote niliyosema ni ya hisia za kawaida, zinazokuja na kuondoka. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukikaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2, huku usingizi, chakula au umakini vikivurugika, mipango ya "kama, basi" haitoshi. Mtu huyo aende kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Na akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake, wala msingoje hizo wiki 2 zitimie. Asanteni kwa kunisikiliza, karibuni maswali.